Mkono Unajua, Karatasi Haisemi: Mafunzo na Uzoefu katika Maombi ya Kazi

Tangu Julai 2016, Serikali ilipotangaza kuwa uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma sasa utatekelezwa kikamilifu, mji huu wa nyanda za kati umekuwa uwanja mkubwa wa ujenzi. Aprili 2018 ulipandishwa hadhi ukawa jiji. Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Nyuma ya kila jengo lililosimama wapo vijana waliosuka nondo, waliomwaga zege, waliopiga lipu, waliochomelea madirisha na kutandika marumaru. Wengi wao ni watoto wetu, waliotoka Kondoa, Chemba, Bahi na Mpwapwa, na wengine katika mitaa ya jiji lenyewe.

Majengo hayo yakikamilika, ofisi zilizomo ndani yake hutangaza nafasi za kazi: fundi wa kulitunza jengo, fundi umeme, dereva, mpishi. Hapo hujitokeza jambo linaloumiza. Kijana aliyeshiriki kulijenga jengo huonekana hana sifa za kulitunza. Si kwamba hajui kazi. Mkono wake unajua, ila karatasi yake haisemi. Upande wa pili yupo mwenzake aliyehitimu chuo na ana cheti safi, naye hujibiwa kuwa hana uzoefu. Wote wawili hurudi nyumbani mikono mitupu, na wazee hufunga mjadala kwa neno moja: ajira siku hizi ni kujuana.

Kujuana kupo, na ni dhulma inayopaswa kukemewa. Lakini maombi mengi huanguka kabla ya hatua hiyo, pale msomaji wa maombi anapolinganisha tangazo na karatasi alizoletewa, akakuta moja haipo au haisemi kinachotakiwa. Sehemu hii ya safari iko mikononi mwa mwombaji na familia yake, na ndiyo tunayokusudia kuieleza.

Mambo matatu yasiyochanganywa

Tangazo la kazi hutazama mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huyaita yote "elimu". La kwanza ni elimu ya shule: darasa la saba, kidato cha nne au cha sita. La pili ni mafunzo, yaani kile ulichofundishwa kwa ajili ya kazi maalumu na ukapimwa ukafaulu. La tatu ni uzoefu, yaani muda uliofanya kazi yenyewe na matokeo yake.

Tuchukue mfano wa nafasi ya dereva katika utumishi wa umma, ambayo hutangazwa mara kwa mara. Kwa kawaida tangazo lake hutaka cheti cha kidato cha nne. Leseni ya daraja E au C. Cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Na awe ameendesha gari kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. Hizo ni sifa nne, na kila moja ina ushahidi wake.

Sasa mfikirie mtu aliyeendesha lori la mizigo kati ya Dodoma na Singida kwa miaka kumi. Ana leseni, na barabara anaifahamu kuliko wengi. Lakini hakuwahi kuhudhuria mafunzo ya msingi, kwa hiyo huanguka katika sifa ya tatu. Kijana aliyemaliza mafunzo hayo mwezi uliopita huanguka katika sifa ya nne. Miaka kumi ya yule haizibi pengo la mafunzo, na cheti cha huyu hakizibi pengo la mwaka mmoja wa kazi. Hili ndilo jambo ambalo waombaji wengi hawalijui. Hudhani sifa ni rundo moja, kwamba ukizidi upande mmoja umefidia upungufu wa upande mwingine. Sivyo. Kila sifa ni mlango, na milango yote hupitwa mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwombaji ni kulisoma tangazo kwa kalamu mkononi. Chora mstari chini ya kila sifa, kisha pembeni yake andika karatasi gani ya kwako inayoithibitisha. Pale ambapo huna cha kuandika, umegundua kazi uliyonayo mbele yako, iwe ni kwa tangazo hili au lile la mwakani.

Cheti gani, cha ngazi gani?

Mafunzo ya ufundi stadi nchini husimamiwa na VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hadi miaka ya hivi karibuni wako wazee wengi wenye vyeti vya mfumo wa zamani, uliojulikana kama majaribio ya ufundi. Mfumo huo ulikuwa na madaraja matatu: fundi alianzia daraja la III, akapanda hadi daraja la II, na aliyefika daraja la I ndiye aliyekuwa juu kabisa.

Mfumo uliofuata, unaopima umahiri wa kutenda, nao una ngazi tatu, lakini hesabu yake huenda kinyume. Ngazi ya I ndiyo ya kuanzia na ngazi ya III ndiyo ya juu. Kwa hiyo ngazi ya I ya sasa inalingana na daraja la III la zamani, na ngazi ya III inalingana na daraja la I. Mzee mwenye daraja la I aliyelipata miaka mingi iliyopita anaweza kudhaniwa na karani kijana kuwa ni mwanafunzi wa mwanzo. Na kijana mwenye ngazi ya I anaweza kujiona amefika kileleni, kumbe ndiyo kwanza ameingia mlangoni. Unapoandika wasifu wako, usiandike "nina cheti cha VETA" ukaishia hapo. Andika fani, andika kama ni "daraja" au "ngazi", taja namba yake, taja chuo na mwaka.

Juu ya ufundi stadi kuna mafunzo ya ufundi ya astashahada na stashahada, yanayowatoa mafundi sanifu. Usajili wa vyuo hivyo, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 hata vya ufundi stadi, uko chini ya NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Hapa mzazi anahitaji kuwa makini kabla ya kutoa ada. Vipo vyuo vyenye mabango mazuri barabarani lakini havina usajili wa fani vinazozifundisha. Swali la kumuuliza mkuu wa chuo ni moja tu: fani hii mmesajiliwa kuifundisha, na cheti cha mwisho hutolewa na nani? Anayejibu kwa kuzunguka, mwache.

Aliye mbali na jiji asidhani milango imefungwa. Mbali na vyuo vya VETA, vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 ili kuwapa watu wazima wa vijijini maarifa na stadi za kazi. Katika mkoa wetu Munguri iko Kondoa na Chisalu iko Mpwapwa. Humo hufundishwa uashi, useremala, umeme, ushonaji na kilimo, na mwanafunzi aliyeishia darasa la saba naye hupata nafasi.

Ujuzi wa mtaani nao hupata cheti

Sasa tumrudie yule fundi wetu wa Nkuhungu au Chang'ombe ambaye hakupita chuo. Alianza akiwa saidia fundi, akibeba maji na kuchanganya udongo. Akapewa mwiko, akakosea, akafokewa, akajifunza. Leo anasimamisha nyumba kuanzia msingi hadi lenta bila kuuliza mtu. Je, arudi darasani mwaka mzima kufundishwa kushika mwiko?

Si lazima. Upo utaratibu uitwao urasimishaji wa ujuzi, unaomwezesha mtu aliyejifunza kazi nje ya mfumo rasmi kupimwa na kupewa cheti kinachotambulika. VETA ndiyo inayoutekeleza, na Serikali imekuwa ikiwagharimia vijana wa fani mbalimbali kwa awamu: uashi, useremala, uchomeleaji, ufundi magari, umeme, upishi na nyinginezo. Kwa maelezo mafupi, fundi hujiandikisha katika kituo cha VETA na kueleza kazi alizofanya na muda wake. Mpimaji humhoji na kumtazama akifanya kazi yenyewe kwa mikono yake. Pale anapoonekana ana pengo, labda anajenga vizuri lakini hajui kusoma ramani, au anafunga nyaya lakini hajui kanuni za usalama, hupewa mafunzo mafupi ya kuliziba pengo hilo. Kisha hutunukiwa cheti kwa kiwango alichokithibitisha.

Mambo mawili yaeleweke. Kwanza, cheti hiki hakigawiwi kama sadaka. Asiyejua kazi hatakipata, na hivyo ndivyo inavyopaswa, maana thamani yake kwa anayejua inategemea kutopewa asiyejua. Pili, cheti hiki huthibitisha ujuzi, hakibadiliki kuwa cheti cha kidato cha nne. Tangazo likidai vyote viwili, elimu ya shule itabaki mlango wake wa peke yake, na kwa hilo ipo njia ya mtahiniwa wa kujitegemea.

Tusiwasahau mama zetu na dada zetu. Katika kila mtaa yupo mama ambaye kila penye harusi, maulidi au khitma ndiye anayeitwa kupika pilau ya watu mia tatu. Anajua kukadiria mchele na nyama, anajua kuwagawia kazi wasaidizi kumi, na chakula huiva kwa wakati. Huo ni upishi wa kiwango kikubwa pamoja na usimamizi, lakini akiulizwa kazi yake hujibu, "Mimi ni mama wa nyumbani tu." Hoteli na hosteli zinazofunguliwa Dodoma zinamtafuta mtu wa namna yake, naye hana hata ukurasa mmoja wa kumtambulisha. Urasimishaji unamhusu yeye kama unavyomhusu fundi mwashi. Ada na masharti hubadilika kutoka awamu moja hadi nyingine, kwa hiyo ni busara kwenda mwenyewe katika ofisi za VETA kuuliza kuliko kutegemea habari za kijiweni.

Kwa fundi umeme liko jambo la ziada. Kufunga umeme katika majengo ya watu ni kazi yenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA kwa madaraja, kulingana na mafunzo aliyonayo mtu na uzoefu wake. Hapa mambo yetu mawili hukutana tena: cheti bila muda wa kazi, au muda wa kazi bila cheti, vyote huchelewesha leseni.

Uzoefu huandikwa, haukumbukwi

Ukimuuliza kijana, "Una uzoefu gani?" atakwambia, "Ujenzi, miaka sita." Jibu hilo halimsaidii anayemsoma. Ujenzi upi? Alikuwa akibeba tofali au akizipanga? Kwa nani, na nani ashuhudie? Uzoefu una sehemu nne: kazi iliyofanywa, mahali, muda, na shahidi. Ikikosekana moja, unabaki kuwa dai.

Linganisha jibu hilo na maelezo haya ya mfano: "Saidia fundi, kisha fundi mwashi, Nkuhungu na Ihumwa, Machi 2019 hadi Novemba 2021. Nilipanga tofali na kupiga lipu katika nyumba saba za makazi, nikasoma ramani za nyumba za vyumba vitatu, na katika mwaka wa mwisho nilisimamia vibarua watatu." Hapana neno gumu hapo wala majigambo. Lakini msomaji sasa anamwona mtu.

Ili aweze kuandika hivyo, fundi anahitaji daftari. Daftari la kurasa mia moja linatosha. Kila kazi inapoanza aandike tarehe, mahali, aina ya kazi, vifaa alivyotumia na jina la aliyemsimamia. Kazi ikiisha aandike tarehe ya mwisho. Akiwa na simu, apige picha ya kazi kabla na baada. Baada ya miaka mitatu, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya kichwani, na mpimaji wa VETA atalifurahia kama atakavyolifurahia mwajiri.

Aliyeajiriwa rasmi ana haki ambayo wengi hawaidai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Usiondoke bila hicho. Hata kama mmeachana kwa maneno makali, cheti cha utumishi si zawadi ya wapendanao, ni wajibu wa kisheria.

Aliyefanya kazi kwa fundi wa mtaani au katika gereji ya mtu binafsi aombe barua, na aombe mapema kabla watu hawajahama au kufariki. Kuomba kwenyewe kuna adabu yake. Aende mwenyewe, asitume ujumbe wa simu: "Shikamoo fundi. Nilikuwa kwako tangu mwaka 2019 hadi 2021, na kazi hii umenifundisha wewe. Naomba unisaidie barua ya kueleza kazi nilizofanya." Mafundi wengi wakubwa hawakatai. Wanachokosa ni mtu wa kuwaandalia maneno. Mwombe akueleze, uandike mbele yake, asome, asahihishe kisha asaini, aweke na namba yake ya simu.

Mhitimu wa chuo asiye na uzoefu naye asikate tamaa. Wiki alizokaa kazini wakati wa mafunzo kwa vitendo ni uzoefu, ilimradi aeleze alichokifanya na apate barua ya mahali hapo. Kazi ya kujitolea nayo ni uzoefu. Serikali ina mipango ya uanagenzi, ambamo kijana hujifunza sehemu ya muda chuoni na sehemu kazini, na ya utarajali kwa wahitimu, inayoratibiwa na TaESA. Mwenye cheti kipya aitafute mipango hiyo kabla ya kuanza kulalamika kwamba uzoefu hauuzwi dukani.

Hapa pana neno kwa kamati za misikiti yetu. Misikiti na madrasa vingi katika mkoa huu vimejengwa na vijana wa Kiislamu, wengine kwa ujira na wengine kwa kujitolea wakitafuta radhi za Allah. Kijana aliyefunga umeme wa msikiti, aliyeshona mazulia, aliyetunza hesabu za mfuko wa ujenzi kwa miaka miwili bila hata shilingi kupotea, ana uzoefu halisi. Barua ya kamati yenye mhuri, ikieleza kazi hiyo kwa ukweli na kwa tarehe, inamgharimu katibu nusu saa. Kwa kijana inaweza kuwa barua ya kwanza maishani mwake inayomshuhudia.

Mitego midogo inayoangusha

Baadhi ya maombi huanguka kwa mambo madogo. Anayeomba kupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma atakuta onyo ambalo hurudiwa katika karibu kila tangazo: hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita, pamoja na matokeo ya muda, hayakubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Vijana wengi wamekaa na karatasi ya matokeo miaka mitano bila kwenda kukichukua cheti shuleni.

Mtego wa pili unatuhusu sisi Waislamu kwa namna ya pekee, nao ni majina. Katika cheti cha kuzaliwa ameandikwa Hadija, cha shule kinasema Khadija, na cha VETA kinasema Hadidja. Kaka yake ni Mohamedi katika karatasi moja, Muhammad katika nyingine, na katika ya tatu jina la babu limechukua nafasi ya jina la baba. Sisi nyumbani tunajua ni mtu mmoja. Mfumo wa maombi haujui. Wazazi wachague tahajia moja tangu cheti cha kuzaliwa na kuishikilia kila mtoto anapoandikishwa. Ambaye tayari majina yake yametofautiana aende kwa wakili kuandaa hati ya kisheria inayotakiwa, na aifanye kabla tangazo halijatoka, maana siku za tangazo huwa chache.

Mtego wa tatu ni wadhamini. Kijana humwandika mjomba wake mwenye cheo, ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi. Mdhamini mzuri ni yule aliyekuona kazini au chuoni, anayeweza kujibu swali: "Akiachwa peke yake, anafanyaje?" Na umwarifu kwamba umemwandika. Simu inayopigwa kwa mtu asiye na habari hukuharibia kuliko kukufaa.

Nguvu na uaminifu

Qur'ani Tukufu inatupa katika Surat al-Qasas kisa cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan, mgeni asiye na kitu. Aliwanyweshea maji wanyama wa mabinti wawili waliokuwa wakisubiri pembeni. Mmoja wao alipomshauri baba yake amwajiri, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wanazuoni wa tafsiri wameeleza kuwa nguvu ni uwezo wa kuitenda kazi inayohusika. Hakuzitaja kwa kusikia; alikuwa amemwona kisimani. Na Nabii Yusuf (a.s.), katika sura yenye jina lake, alipoomba kusimamia hazina za nchi alijieleza kwa mfalme kuwa ni mhifadhi na mjuzi. Hakukaa kimya kwa kudhani kujieleza ni kiburi, wala hakudai asichokuwa nacho.

Katika visa hivi viwili mwombaji kazi wa Kiislamu anapata mipaka yake yote miwili. Kuueleza ujuzi wako kwa ukweli mahali panapohitajika hakupingani na unyenyekevu. Wapo vijana wetu waliolelewa kwa haya nzuri, ambao mbele ya jopo la usaili hujibu kila swali kwa "kidogo tu". Wafundishwe kuwa kuficha ujuzi unaoulizwa ni kumnyima anayeuliza habari anayoihitaji.

Na mpaka wa pili ni kutovuka ukweli. Tarehe 28 Aprili 2017, hapa hapa Dodoma, katika Chuo Kikuu, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliofanya kazi miaka mingi, pengine waliozijua kazi zao vizuri kabisa. Uzoefu wao haukuwaokoa, kwa sababu ulisimama juu ya msingi wa uongo. Fikiria watoto waliokuwa shuleni kwa mshahara ule, na wazazi waliokuwa wakitibiwa kwa bima ile. Mwaka wa uzoefu unaouongeza kwa kalamu, au cheti unachonunua kwa mtu wa stendi, kinaweza kukulisha miaka kumi na kukuaibisha siku moja. Na riziki iliyopatikana kwa hadaa ina hesabu yake mbele ya Allah hata kama mwanadamu hakuigundua.

Nyumbani tuanzie wapi?

Bado katika nyumba zetu nyingi chuo cha ufundi hutajwa kama adhabu: "Ukifeli utakwenda VETA." Mtoto aliyekua akisikia hivyo huingia karakana akiwa ameshajiona ameshindwa. Ilhali Allah ametueleza kuwa Yeye mwenyewe alimfundisha Nabii Daud (a.s.) kutengeneza deraya za chuma, na katika hadithi sahihi imepokewa kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Kazi ya mikono imebebwa na walio bora kuliko sisi. Hata mitaala ya nchi sasa imeanza kuelekea huko: tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari zimeanza mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma masomo ya kawaida pamoja na fani ya kazi. Mzazi mwenye mtoto anayependa kufungua redio na kuifunga tena aulize iwapo shule ya karibu ina mkondo huo.

Leo usiku, baada ya Isha, familia inaweza kufanya jambo moja. Kusanyeni vyeti vyote vya watu wa nyumba mahali pamoja. Tazameni majina yanavyosomana. Mwulizeni kila aliyewahi kufanya kazi: wapi, lini, chini ya nani, na barua iko wapi? Kwa kila pengo mtakaloliona, andikeni jina la mtu wa kumwendea wiki hii: mkuu wa shule aliyebaki na cheti, fundi aliyemfundisha kijana wenu, ofisi ya VETA, katibu wa msikiti.

Na wewe mwenye gereji, mwenye karakana, mwenye kampuni ndogo ya ujenzi, fikiria vijana waliopita mikononi mwako. Jasho lao ulilipa, na Allah akulipe. Lakini wengine wangali wanahitaji ushahidi wako, na ushahidi ni amana isiyofichwa inapohitajika. Kijana akija asubuhi akakuamkia na kukuomba barua, usimwambie aje kesho.

Wabillahi tawfiq.